Wiski Iliyonuka Molo

Kama ulinikosa wiki jana, ulinikosa nikiwa pabaya. Nilikuwa nje ya geti la Mzee Ndegwa pale Longonot, suti ya kuazima imenibana kwapani, chupa ya wiski nimeikumbatia, na upande wa pili wa geti amesimama Jamleck, kaka wa mpenzi wangu, kufuli mkononi.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni Kipyegon, mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Milimani, Nakuru. Mpenzi wangu ni Wachuka. Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mbwa wa nyumba hiyo walivyonipokea mara ya kwanza, na mnajua nilivyorudishwa mara ya pili kabla sijataja hata jina langu. Safari hii Wachuka alikuwa amenionya kwa simu: "Ukirudishwa tena, usijisumbue kurudi. Nimechoka kulia mbele ya watu."

Basi hapo ndipo tulipokuwa.

"Hapa hakuna mtu anakungoja," Jamleck akasema.

"Tuliitwa, Jamleck. Baba yako mwenyewe alisema Saturday."

"Alisema Saturday. Hakusema wewe."

Nilitamani kumtukana, nikakumbuka kwamba nimekuja kumwoa dada yake.

Msemaji wangu siku hiyo alikuwa Anko Kibii, mdogo wa marehemu baba yangu. Ameendesha malori ya viazi tangu nikiwa mtoto, na ni mtu mpole kupindukia. Nilimchagua kwa sababu anajua kuongea na wazee. Lakini siku hiyo Anko alikuwa kama aliyeacha ulimi nyumbani. Tulipoiacha barabara kuu aliniuliza, "Huyu mzee, kabla ya Longonot alikuwa anakaa wapi?"

"Molo," nikamjibu. "Walihama wakati wa vita ya uchaguzi."

"Molo upande gani?"

"Sijui, Anko. Mimi nimekuja kuoa msichana, sikuja kupima shamba."

Hakucheka. Hakusema neno lingine mpaka getini, na hata pale getini alijificha nyuma yangu na kuishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi. Mimi nikadhani ni mbwa anaowaogopa.

Aliyetuokoa ni Mzee Kiarie, jirani yao, ambaye familia ilikuwa imempa kazi ya kuendesha mambo. Alitoka nje akipunga fimbo.

"Jamleck! Fungulia wageni. Ukiwafukuza hapa nje, hao wazee waliokaa ndani watakunywa nini?"

Geti likafunguliwa. Tulipoingia, Jamleck akalifunga nyuma yetu na kutia ufunguo mfukoni.

"Ni ndio msipotee," akasema.

Sebuleni tulipewa viti vya plastiki karibu na mlango, ilhali kando ya wazee kochi zima lilikuwa tupu. Mzee Ndegwa alikuwa ameketi chini ya kalenda ya kanisa, mikono juu ya magoti. Hakuinuka wala hakutoa mkono.

"Huyu ndiye?" akamwuliza Kiarie, kana kwamba mimi ni beberu wa mnadani.

"Ndiye."

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nafanya hoteli, mzee. Upande wa baa."

"Unauza pombe."

"Nahudumia wageni, mzee."

"Unauza pombe," akarudia, na hilo likawa limeisha.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa aibu iliyonipata. Kwa wazee wa kina Wachuka, mtu akija kuposa huja na kinywaji. Kinywaji hicho baba haonji mpaka binti aulizwe. Binti huitwa mbele ya watu wote, humiminiwa, na baba yake humwuliza, "Tunywe?" Akipiga funda na kumeza, amekubali, na wazee wanaweza kunywa. Akitema, au akiweka glasi chini, wageni huchukua kofia zao na hiyo posa imekufa. Hakuna mazungumzo ya pembeni.

Kwa hiyo uchumba wangu wote, pamoja na mbwa na vumbi na suti ya kuazima, ulikuwa umebaki kwenye koo la Wachuka. Akimeza, nina mke. Akitema, sina kitu.

Kinywaji chenyewe kilipaswa kuwa muratina, pombe yao ya asali. Lakini Jamleck alikuwa ametuma neno kwamba baba yake hanywi muratina ya watu asiowajua. "Leta kitu imefungwa kiwandani," aliniambia, "hatutaki kuzika mtu." Ndipo nikaikumbuka chupa ya Ewan.

Ewan alikuwa mzee wa Kiskoti, fundi wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, na kila alipopata likizo alikuja kulala hotelini kwetu. Alipomaliza mkataba wake aliniachia chupa hiyo iwe zawadi ya harusi. Habari zake nilizijua zote, maana Ewan akikaa kwenye kaunta hasemi kitu kingine. Shayiri ya wiski hiyo hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao huchimbwa na kuanikwa mpaka uwake kama makaa. Moshi wote huingia kwenye punje. Kisha wiski hulazwa ndani ya mapipa kwa miaka mingi, katika ghala lililo ufuoni kabisa, mahali mawimbi yanagonga ukuta. Pipa hupumua, alisema Ewan. Linavuta hewa ya bahari na kuitoa, mwaka baada ya mwaka, mpaka wiski yenyewe inakuwa na chumvi, na mwani, na ile dawa ya kahawia ya kupaka kidonda.

Wako Waskoti wenzake waliombishia. Walisema bahari haiwezi kupenya pipa na kwamba hiyo chumvi iko kichwani mwake tu. Ewan aliwajibu kwamba basi kichwa chake ni kitamu.

Wateja wetu wa Milimani waliichukia wiski hiyo. Mmoja alinirudishia glasi na kuniuliza kwa nini nimemwekea dawa ya choo. Lakini mimi, siku ya kwanza niliyoinusa, nililazimika kugeuka ukutani. Nilikuwa nimemnusa mama yangu.

Kwetu maziwa ya mursik hulazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Maziwa huchukua rangi ya majivu na harufu ya moto. Mgeni wa maana ndiye anayepewa hayo. Mtoto aliyerudi nyumbani na ushindi ndiye anayepewa. Moshi kwenye kinywaji, kwetu sisi, ni kuambiwa umependwa. Kwa hiyo nilipofikiria nimpelekee nini baba wa Wachuka, nilimpelekea kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kunusa, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Ningejua, ningebeba kreti ya soda.

Kiarie aliizungusha chupa, akasoma karatasi yake kwa mbali, akang'oa kizibo. Harufu haikungoja kualikwa. Jamleck alifunika pua.

"Hii ni nini? Kuna mtu amefunguliwa bandeji?"

"Ni wiski," nikasema.

"Wiski nazijua. Hii ni kitu ya kuosha wodi."

"Ndivyo ilivyo. Imelazwa kando ya bahari kule Scotland."

"Bahari gani? Wewe umewahi kuona bahari? Hiyo Scotland yako ni ile ya nyuma ya stage ya matatu."

"Jamleck, chupa ilikuwa na seal. Umeona mwenyewe."

"Hata wale walikufa na pombe haramu waliambiwa kulikuwa na seal." Akamgeukia baba yake. "Daddy, hawa watu wametuletea sumu mchana."

Mzee Ndegwa alinitazama, na nikaona kwamba angefurahi kama ingekuwa kweli.

"Akunywe yeye kwanza," Jamleck akasema.

"Nitakunywa."

"Yote. Si kulamba."

Nikamiminiwa kwenye glasi ya kunywea chai, si ya pombe, ikajaa nusu. Nikanywa huku wananitazama. Chumvi ilinishika midomo kwanza, kisha moshi ukapanda puani, kisha ile dawa, na mwisho wake utamu mdogo kama wa shayiri iliyochomwa. Macho yakanijaa machozi. Sebule nzima ilikuwa inangoja nianguke.

Kiarie akaniinulia vidole usoni. "Hivi ni ngapi?"

"Vitatu, mzee."

"Anaona," Kiarie akatangaza. "Kama ni sumu, basi inaua pole pole."

Wazee wawili watatu wakacheka. Hata Mzee Ndegwa mdomo wake ulisogea. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kumfuata Wachuka nilivuta pumzi ndani ya nyumba hiyo bila kuhesabiwa, na nikajiambia, Kipyegon, leo utaoa.

Wachuka akaitwa.

Alitoka jikoni akiwa na kitambaa chekundu kichwani, akasimama katikati ya zulia. Alinitupia jicho mara moja tu. Jicho hilo lilikuwa limeshameza tayari, naapa. Kiarie akamimina glasi mbili, moja ya baba na moja ya binti, akamkabidhi Mzee Ndegwa yake.

Mzee akaiinua glasi kifuani ili aulize swali. Akafungua mdomo.

Hakuuliza.

Glasi ilikuwa chini ya pua yake. Nilimwona akivuta pumzi, na nilimwona uso ukimkauka. Glasi ikainama, wiski ikamwagikia suruali yake, naye hakuipangusa.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Mzee?"

"Nakuuliza polepole. Nani alikutuma uniletee hii kitu?"

"Hakuna mtu amenituma. Ni zawadi, nilipewa na..."

"Iko moshi."

"Ndio, mzee. Kule wanakausha shayiri na..."

"Iko chumvi."

"Ni ya bahari, mzee."

"Iko iodini. Ile ya ng'ombe." Akaiweka glasi mezani kwa nguvu mpaka ikapiga kelele. "Hiyo si bahari, kijana. Hiyo ni stoo yangu ya Molo."

Kiarie akaiweka chupa chini.

"Stoo na boma ya ng'ombe ilikuwa chini ya paa moja," akasema, na alikuwa akiniambia mimi peke yangu. "Nilikuwa nimeweka magunia ya chumvi ya kulamba. Nilikuwa na mtungi wa iodini ya kupaka chuchu tukimaliza kukamua. Walipowasha moto, tulikuwa tumelala kwa mtaro, mimi na mama yao na hawa watoto. Upepo ulikuwa unakuja kwetu. Hii ndiyo harufu ilikuja. Si kama hii. Ni hii."

"Mzee, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Sikurudi huko hata kuangalia. Niliuza hiyo shamba nikiwa hapa, na walionunua waliniletea makaratasi nisaini. Sitaki hata kusikia mtu akichoma takataka. Na wewe unaniwekea kwa glasi. Unaniambia nikunywe, ndio nikupatie msichana wangu."

"Nilisema!" Jamleck alikuwa ameshasimama. "Nilisema hawa watu hawakuja kuoa. Wamekuja kutucheka!"

Akanishika ukosi. Nikajaribu kujitoa, na suti ikararuka kwapani, mraruko mrefu ambao kila mtu aliusikia.

Nilimwambia Mzee kuhusu mursik. Nilimwambia kwetu moshi ni heshima, na kwamba ni mama yangu niliyemfikiria nilipobeba chupa hiyo. Nilikuwa naongea na ukuta.

"Kwenu moshi ni heshima," Mzee Ndegwa akasema. "Hiyo hata mimi niliona."

Hapo na mimi nikashikwa na hasira. Sitajitetea. Nimekuwa mpole kwa watu hawa tangu wiki ya kwanza ya mkasa huu, na upole wangu uliishia kwenye neno hilo.

"Na mama yangu?" nikapiga kelele. "Mama alikuwa na chumba Nakuru mjini. Alitolewa na vijana wenye panga, akakimbia na nguo ya mwilini. Hao vijana walikuwa wanaongea kama nyinyi! Nani aliwatuma hao? Mbona hiyo hamniulizi?"

Nilipofunga mdomo nilitamani kuirudisha sentensi hiyo yote. Kiarie alitazama sakafu. Nilikuwa nimekuja kuomba mke, na nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya watu nikiwatupia vita vya kabila letu na lao, ambavyo wote tulikuwa tumekubaliana, bila kuambiana, kutovitaja.

"Funga hiyo chupa," Mzee Ndegwa akamwambia Kiarie. "Wapatie kitu yao waende."

Kiarie akatia kizibo. Nikanyoosha mkono kuipokea. Nilikuwa naona aibu, nilikuwa na hasira, na nilitaka kulia, yote kwa pamoja.

"Baba, bado hujaniuliza."

Ilikuwa ni Wachuka. Hakuwa ametoka kwenye zulia. Glasi yake ilikuwa bado mkononi.

"Hakuna swali tena, mami. Nenda jikoni."

"Swali liko. Na si lako kulifuta." Sauti yake hakuishusha. "Mimi sikuleta hii desturi. Ni nyinyi mlisema lazima ifanywe vile wazee walikuwa wanafanya. Basi ifanywe. Ni mimi naulizwa, si wewe."

"Wewe, unaongea na baba hivyo?" Jamleck akadakia.

"Nyamaza, Jamleck. Wewe hata hukunusa vizuri."

Mzee Ndegwa akamgeukia binti yake. Sikuweza kusoma anachofikiria, lakini nilijua hakikuwa kizuri kwangu.

"Sawa," akasema. "Nusa kwanza. Usikunywe, nusa tu. Ukimaliza kunusa, nitakuuliza."

Wachuka akainua glasi. Nilitaka kumwambia asinuse, afunge pumzi, apige funda moja tu tuende zetu. Lakini alikuwa ameshavuta harufu, taratibu, kama alivyoambiwa, na macho yakafumba yenyewe.

Alikuwa darasa la pili wakati huo wa Molo. Katika mapenzi yetu yote hakuwahi kunisimulia, nami sikuwahi kuuliza. Watu wa huku kwetu ndivyo tunavyopendana.

"Mimi ndiye nilifunga mlango," akasema.

"Mami," baba yake akasema. "Achana na hiyo."

"Kufuli ilikuwa imepotea. Ukanipatia waya, ukaniambia nifunge haraka tuende. Nikazungusha, nikazungusha. Nilitaka mwizi asiweze." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu ya glasi. "Ng'ombe walikuwa ndani. Mlinifunika masikio kwa mtaro lakini niliwasikia. Kama si mimi, wangesukuma huo mlango wakatoka. Kila siku mnaniambia haikuwa makosa yangu, na kila siku mnaniambia tu hiyo."

"Ulikuwa mtoto."

"Najua nilikuwa mtoto. Niulize swali yangu, baba."

Mzee Ndegwa alisafisha koo. Nilimwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma.

"Wachuka," akasema. "Hii kitu wameleta. Tunywe?"

Akanigeukia. Alinitazama mimi, si mwingine, na katika uso ule uliolowa niliona kwamba ananipenda na kwamba hilo linamwuma. Kisha akaweka glasi mdomoni na kupiga funda kubwa.

Na hapo hapo, nyuma yangu, kiti cha plastiki kikalia.

Anko Kibii alikuwa amesimama. Alikuwa amevua kofia, ile kofia asiyoivua hata kanisani, na alikuwa ameikunja mikononi kama nguo inayokamuliwa. Alikuwa hajasema neno tangu tuingie. Sasa alikuwa analia.

"Hawakuungua, mama," akamwambia Wachuka.

Hakuna aliyemwelewa, hata mimi.

"Usijiue na hiyo kitu. Mlango ulifunguka. Waya ilikatwa na plaizi, na ng'ombe wakatoka wote. Hata yule mweusi, mwenye pembe moja ilivunjika. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuwa hataki kutoka."

Namjua Anko. Hawezi kuvumilia mtoto akilia, na alipomtazama Wachuka alimwona mtoto. Alisema ili kumtua mzigo, na nadhani hakusikia alichosema mpaka alipomaliza kukisema.

Sisi wengine tulisikia.

Jamleck alitembea mpaka mlangoni akausimamia. Kiarie akaketi. Mama wa Wachuka alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kupangusia vyombo begani, na alikuwa amejishika mdomo.

"Huyo ng'ombe mweusi," Mzee Ndegwa akasema polepole, "alivunjika pembe wiki hiyo hiyo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote nje ya hii nyumba."

Anko akazidi kuikunja kofia.

Mimi nilikuwa natafuta kichwani kitu cha kumtetea, na nilichokipata kilinikata maini. Miaka yote hii, kila tunapokaa nyumbani na mtu akitaja vita hivyo, Anko husema yeye hakuona kitu. Husema lori lilikuwa limemharibikia Eldama Ravine na kwamba alilala huko mpaka mambo yakatulia. Nimelisikia hilo tangu nikiwa shule. Nilikuwa nimelirudia mwenyewe kwa Wachuka, siku nilipomwambia nani atakuja kunisemea.

"Anko," nikamwita. "Si ulikuwa Ravine?"

Aligeuka kunitazama, na nilitamani nisingeuliza.

Mzee Ndegwa akainuka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akisimama, na kumbe ni mtu mrefu. Akapita mbele yangu kama nisiyekuwepo, mpaka akamfikia Anko Kibii, wakawa uso kwa uso.

"Plaizi ilikuwa na wewe," akasema. "Hiyo nimesikia, na kwa hiyo nitakushukuru kama inafaa. Sasa niambie, na usinidanganye mbele ya hawa watoto. Kiberiti ilikuwa na nani?"

Anko Kibii akatazama kofia iliyo mikononi mwake.

Nami nikamtazama Wachuka.

Alikuwa bado amesimama pale pale katikati ya zulia, glasi tupu mkononi, mashavu yamejaa. Lile funda lilikuwa bado mdomoni. Hakuwa amelitema na hakuwa amelimeza. Ule moshi na ile chumvi vilikuwa vinamchoma, macho yalikuwa mekundu, na hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anamtazama Anko, akingoja jibu lake kama sisi sote.

Nilimwita kwa jina lake. Hakugeuka, na koo lake halikusogea.